Amepona ao bado? Virusi yenyewe inaweza kutuambia

Mutu akitibiwa malaria, kisha siku chache anajua kama amepona: homa imeshuka, anakula, anarudi kazini. Kwa shingo ya kizazi haiko vile. Mama anaweza kutibiwa leo, akajisikia muzuri miaka miwili, kumbe ugonjwa unarudi polepole bila maumivu yoyote. Mimi nilisoma biolojia, basi hapa Lubumbashi wamama wa familia wananiuliza mara mingi: "Sasa nitajuaje kama nimepona?" Jibu moja zuri linatoka kwa virusi yenyewe.

Karibu kansa yote ya shingo ya kizazi inaletwa na virusi inayoitwa HPV. Mujerumani Harald zur Hausen alipewa Nobel mwaka 2008 kwa kuonyesha jambo hilo. Aina za HPV zinapita 100, lakini aina mbili tu, 16 na 18, ndizo zinaleta karibu 70 kwa 100 ya kansa hii. Wanawake wengi wanaipata, na mara mingi mwili unaifukuza wenyewe ndani ya mwaka mumoja ao miwili. Hatari iko kwa ile inayobaki. Inatengeneza protini mbili, E6 na E7, zinazoharibu breki za seli. Seli inazaana bila kusimama.

Seli ya kansa inaendelea kuhitaji E6 na E7 ili iishi. Kwa hiyo, pale seli mbaya ziko, kwa kawaida virusi nayo iko. Ikitoweka kisha matibabu, ni alama kubwa ya kupona.

Tuanze na vidonda vinavyotangulia kansa, vile munganga anavichoma, anavigandisha ao anavikata. Tangu 2021, Shirika la Afya Duniani (OMS) linashauri mwanamuke arudi kupimwa kisha miezi 12, na kipimo cha HPV ndicho kinapendelewa. Kwa nini si siki peke yake? Siki inaonyesha kile jicho linaweza kuona, na kovu linaweza kudanganya jicho. Kipimo cha HPV kinatafuta virusi hata mbele kidonda hakijaonekana.

Matokeo tuyasome vizuri. Kama virusi haionekani, nafasi ya kidonda kurudi ni ndogo sana. Kama inaonekana, haimaanishi kansa imerudi: ni lazima kuchunguza zaidi. Hapo aina ya virusi ina maana. Aliyekuwa na 16 na bado ana 16 anatia wasiwasi kuliko aliyepata aina nyingine mupya.

Kwa kansa yenyewe, watafiti wanaangalia damu. Seli za kansa zikikufa zinamwaga vipande vya ADN, na ndani yake kuna ADN ya HPV. Huko Toronto, Kanada, walifuata wanawake waliotibiwa kwa mionzi na dawa. Wale ambao ADN ya virusi ilibaki katika damu miezi mitatu kisha kumaliza, ugonjwa uliwarudia zaidi kuliko wale wasio nayo. Kipimo hiki bado ni cha utafiti, si cha kila hospitali.

Na kutabiri peke yake hakutoshi. Kipimo kikisema "itarudi", mugonjwa ataenda wapi? Mionzi iko mbali na sisi. Kuna familia zinavuka Kasumbalesa mupaka Lusaka, kwenye hospitali ya kansa iliyofunguliwa 2007. Ndiyo maana kwa sisi kile kipimo cha miezi 12 kina uzito: kinakamata ugonjwa ukiwa bado mudogo, na unaweza kutibiwa karibu. Mwenye VIH asikikose hata kidogo, kwa sababu hatari yake ya kansa hii ni mara 6, na vidonda vinamurudia zaidi. Aendelee na dawa zake pia.

Kama mama, dada ao mama mukubwa wako alitibiwa, muulize mambo matatu: alitibiwa tarehe gani, karatasi ya matokeo iko wapi, na anarudi lini. Kama aina ya HPV ilipimwa, iandikwe kwenye karatasi hiyo. Usimuulize aliipata kwa nani. Virusi hii inaweza kukaa kimya miaka mingi, na haya ndiyo inafanya wengi wasirudi kupimwa.