Njia ya Siku Zote Ina Alama

Wahenga walisema kwamba njia ya siku zote haina alama. Walikusudia mazoea: aliyezoea kupita mahali hahitaji kuonyeshwa njia. Lakini mwanasayansi ainamapo na kuitazama njia yenyewe huona kwamba kila mguu uliopita umeacha alama yake, na kwamba alama hizo zikijumlishwa zaweza kubadili udongo, mimea, na hata maji ya mji ulio mbali.

Mkazi wa Raskazone anaweza kudhani kwamba habari za vijia vya milimani hazimhusu. Rasi hiyo ya mji wa Tanga imekaa juu ya mawe ya matumbawe ya kale, na imezungukwa na bahari. Hata hivyo maji ya bomba yatumikayo mjini Tanga hutoka katika Mto Zigi, ambao wengine huuita Sigi, na hukusanywa katika bwawa la Mabayani lililojengwa mwaka 1978. Mto huo huanzia katika misitu ya Usambara Mashariki, pande za Amani, kiasi cha kilomita 50 magharibi ya mji. Kwa hiyo mvua inyeshayo leo juu ya Amani ndiyo itakayochotwa kesho Tanga. Swali ni jinsi ishukavyo: polepole kupitia ndani ya udongo, au kwa haraka juu yake, ikibeba matope.

Msitu na wageni wake

Amani hupata mvua ya kiasi cha milimita 1,900 kwa mwaka. Mahali hapo palikuwa kituo cha sayansi tangu mwaka 1902, Wajerumani walipoanzisha chuo cha utafiti wa elimuviumbe na kilimo. Mwaka 1997 msitu ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Vijia vyake hupitwa na wanavijiji, wachuma chai, walinzi wa msitu na watafiti. Na kwa kuwa utalii wa misitu unahimizwa, makundi ya wanafunzi na watalii waendao kwa miguu yamekuwa yakiongezeka.

Ongezeko hilo lina faida. Mgeni hulipa ada, kijana wa kijijini hupata kazi ya kuongoza, na mwanafunzi huona kwa macho yale aliyoyasoma kitabuni. Tena ni haki kusema kwamba kilimo cha kwenye mitelemko na uchimbaji wa dhahabu katika kingo za mito huleta matope mengi kuliko viatu vya watembezi. Lakini kijia kina tabia yake ya pekee: hupenya hadi katikati ya msitu, mahali ambapo jembe halifiki.

Uzito wa hatua moja

Mtu mwenye kilo 60 huikandamiza ardhi kwa nguvu ya kiasi cha niutoni 600. Akisimama kwa miguu miwili, na nyayo zake zikigusa eneo la sentimita za mraba 300, kila sentimita ya mraba hubeba niutoni 2 tu. Lakini atembeapo, kuna nukta ambapo uzito wote hutua juu ya kisigino kimoja chenye eneo la sentimita za mraba 30 hivi. Hapo kila sentimita ya mraba hubeba niutoni 20, yaani mara kumi zaidi. Shinikizo hilo linakaribiana na lile la hewa iliyomo katika gurudumu la gari dogo.

Udongo wa juu wa msituni, ambao haujakanyagwa, una nafasi tupu zinazokaribia nusu ya ujazo wake. Ndimo zipitamo hewa na maji, na ndimo mizizi midogo ijipenyezamo. Kisigino huvunja kwanza majani makavu yaliyotanda juu. Kisha husukuma chembe za udongo zikaribiane, na matundu makubwa, yapitishayo maji kwa wepesi, ndiyo yazibikayo kwanza. Mbegu iangukayo hapo hukosa pa kuzamisha mzizi. Mimea ikifa, udongo huwa wazi, na mvua huupiga moja kwa moja.

Maji yasiyoweza kupenya hapana budi yatiririke juu. Ikiwa kijia kinapanda mlima wima, maji hukifuata kama mfereji, na kasi yake huongezeka. Kwa hesabu ya wanafizikia, kasi ya maji ikizidi maradufu, uzito wa jiwe kubwa kabisa liwezalo kusukumwa nayo huongezeka mara 64. Hivyo mfereji wenye kina cha kidole waweza kufika magotini baada ya masika machache. Mizizi ya miti hubaki wazi, na mahali pa tambarare hugeuka tope. Mtembezi akwepaye tope hupita kando. Wa pili humfuata. Na kijia cha upana wa hatua moja huwa uwanja wa matope wa mita kadhaa. Mwanga uingiao hapo huikaribisha mimea migeni ipendayo ardhi iliyofunuliwa. Mfano wake ni Clidemia hirta, kichaka chenye asili ya Amerika ya kitropiki ambacho kimekwisha kuenea Amani.

Hatua za mwanzo

Watu wengi hufikiri kwamba madhara huongezeka sawasawa na idadi ya watu: wapitao mia moja hudhuru mara kumi kuliko wapitao kumi. Utafiti uliofanywa katika nchi mbalimbali umeonyesha sivyo. Mahali pasipokuwa na njia, hatua chache za mwanzo ndizo ziuazo sehemu kubwa ya mimea laini. Hatua zifuatazo huongeza madhara kidogo kidogo, kwa kuwa cha kuharibika kimebaki kidogo. Mchoro wa grafu hupanda ghafla, kisha hulala.

Jambo hili lina matokeo makubwa. Mtu mwenye nia njema, aonapo njia imechakaa, huweza kushauri kwamba watembezi watawanywe msituni ili kila mahali papate nyayo chache. Katika msitu kama wa Amani ushauri huo ungezaa vijia vingi vibovu badala ya kimoja. Lililo bora ni kuwakusanya watembezi katika njia chache zilizojengwa vema: zikatizazo mtelemko badala ya kuupanda wima, zenye mawe au magogo ya kuyatoa maji pembeni kabla hayajapata kasi, na zenye madaraja ya mbao mahali pa matope. Njia za mkato zikatazo kona ndizo za kuzibwa kwanza, kwa sababu hizo huwa wima.

Fundisho la Kilimanjaro

Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973 na kufunguliwa mwaka 1977. Siku hizi wapandaji huhesabiwa kwa makumi ya maelfu kila mwaka. Lakini idadi ya wapandaji siyo idadi ya miguu, maana kila mmoja huandamana na waongozaji, wapishi na wapagazi, aghalabu watatu au zaidi, na mpagazi huongeza mzigo juu ya uzito wake. Katika nyanda za juu za mlima huo udongo ni majivu mepesi ya volkano, na baridi huifanya mimea ikue polepole mno. Kilichokanyagwa kwa siku moja huweza kuchukua miaka mingi kurudi. Mojawapo ya hatua zilizochukuliwa ni kuitenga njia ya Mweka kwa kushukia tu, ili wapandao na washukao wasipishane mahali pembamba na kulazimika kutoka nje ya njia.

Amani ina bahati kwamba joto na mvua huotesha mimea upesi. Lakini mvua hiyohiyo ndiyo ichukuayo udongo kabla mimea haijaushika.

Jaribio la shule

Jambo hili laweza kupimwa shuleni kwa gharama ndogo. Katika uwanja wenye nyasi zisizopitwa na watu, pimeni vipande vitano, kila kimoja kiwe na urefu wa mita 1.5 na upana wa nusu mita. Kipande cha kwanza kisikanyagwe. Vinavyofuata vipitwe mara 25, 75, 200 na 500, na watu wenye uzito unaokaribiana. Tengenezeni fremu ya mbao yenye nyuzi zipishanazo mahali 100, iwekeni juu ya kila kipande, na hesabuni ni makutano mangapi yaliyo juu ya jani bichi. Kisha chukueni kopo lililokatwa pande zote mbili, lizamisheni sentimita tatu ardhini, mimineni maji ya kipimo kimoja, na andikeni yamepenya kwa dakika ngapi. Rudieni vipimo baada ya majuma mawili, na tena baada ya mwaka.

Shule ya Raskazone, yenye mchanga na ukoka, ikifanya jaribio hili pamoja na shule ya Amani, yenye udongo mwekundu na mimea ya majani mapana, grafu zao hazitafanana, kwa maana ukoka hustahimili miguu kuliko mimea ya kivulini. Tofauti baina ya grafu hizo mbili ndiyo imwelezayo mlinzi wa msitu mahali pa kuipitisha njia mpya, na mahali ambapo haifai mtu kukanyaga kabisa. Vijana watakaoipima watakuwa wamejifunza shinikizo, upenyaji wa maji na elimu ya mimea kwa somo moja, nao watajua maji yao yatoka wapi na yapita njia gani.