Ndege Adimu wa Ufuoni: Namna ya Kuwatambua, Kuwapiga Picha na Kuwataja, kwa Mifano ya Mida na Sabaki

Kamusi za Kiswahili zina desturi moja ambayo wanafunzi wa leksikografia wameizoea. Mtu akitafuta maana ya kitwitwi au ya sululu, aghalabu huambiwa kuwa ni aina ya ndege, pengine akaongezewa kuwa ndege huyo huishi pwani. Maelezo hayo si ya uongo, ila hayawezi kumsaidia msomaji wa Kakamega au Nyeri kumjua ndege mwenyewe siku atakapomwona. Wakati huo huo, fuo za Kenya zinatembelewa na watu wenye kamera wanaorudi na picha bayana za ndege hao hao, lakini picha zenyewe huandikiwa majina ya Kiingereza na ya Kilatini tu. Makala haya yananuia kueleza jinsi ndege adimu wa ufuoni wanavyotafutwa na kupigwa picha, na kwa nini kazi hiyo inamhusu pia mwanafunzi wa lugha.

Mahali panapofaa kuanzia ni Hori ya Mida, karibu na Watamu, katika Kaunti ya Kilifi. Hori hii imezungukwa na mikoko, na maji yanapokupwa huacha uwanda mpana wa tope lililojaa kaa, nyungunyungu wa baharini na konokono wadogo. Chakula hicho ndicho kinachowavuta ndege wahamiaji kuanzia mwezi wa Agosti hadi Aprili. Wengi wao huzaliana Siberia na nchi nyingine za kaskazini, kisha huikimbia baridi.

Anayesakwa zaidi na wapiga picha wa Mida, hata hivyo, hatoki Siberia. Wataalamu humwita Dromas ardeola. Ni ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya kijivu inayokaribia buluu, na mdomo mnene mweusi ulio kama kisu kifupi. Mdomo huo ni wa kuvunjia kaa. Katika uainishaji wa ndege ametengewa familia ya peke yake, asiyekuwa na ndugu ndani yake. Huzaliana katika visiwa na fuo za Bahari ya Sham, Ghuba ya Uajemi na Bahari ya Arabuni, Oman ikiwemo. Tofauti na ndege wengine wa jamii za ufuoni, yeye huchimba shimo refu mchangani na kutaga humo yai moja jeupe. Joto la mchanga husaidia kuliatamia. Kinda hulishwa kwa muda mrefu mno, hata baada ya safari ya kuja Afrika Mashariki; kwa hivyo si ajabu kumwona Mida ndege mchanga mwenye mgongo wa kijivu akimfuata mzazi wake huku akiomba chakula. Msomaji anayeijua historia ya majahazi atatabasamu kugundua kwamba ndege huyu hupita njia ile ile ya Oman na Uswahilini, ingawa yeye hangoji kaskazi ivume ndipo aanze safari.

Mpiga picha asiyejua maji hapati kitu. Maji yakiwa yamekupwa kabisa, ndege hutawanyika mbali kwenye tope, na lenzi yoyote itawaonyesha kama nukta tu. Maji yakiwa yamejaa pomoni huwa wamekwisha kwenda kupumzika. Wakati wa manufaa ni ule wa maji yanapojaa, kwa sababu bahari yenyewe huwasukuma ndege hatua kwa hatua kuelekea alipo mtu aliyetulia. Wavuvi wanalijua jambo hili vizuri kuliko kitabu chochote. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji katika pwani ya Kenya hujaa kabisa yapata saa kumi alasiri na hukupwa kabisa yapata saa nne asubuhi. Ndani ya hori huchelewa kidogo. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50, hata yafikapo maji mafu mambo huwa yamegeuka: maji hukupwa alasiri.

Hesabu hiyo ina faida nyingine. Bahari ya Kenya iko upande wa mashariki. Asubuhi, anayeitazama bahari hupigwa na jua usoni, na ndege huonekana kama vivuli vyeusi. Alasiri jua huwa nyuma yake na huwaangaza ndege walio mbele. Kwa hiyo katika ufuo ulio wazi, alasiri ya bamvua huleta pamoja maji yanayojaa na mwanga mzuri, bahati ambayo haipatikani kila siku. Adhuhuri haifai: joto hupanda kutoka kwenye mchanga, mazigazi hutetemesha hewa, na picha hutoka yenye ukungu hata kamera iwe ya bei gani.

Kuhusu vifaa, yatosha kusema kwamba lenzi ndefu ya milimita 400 au zaidi inahitajika, na kwamba weupe wa ndege kama Dromas huidanganya kamera. Mwanga ukizidi, manyoya yote hugeuka kuwa doa jeupe lisilo na umbo. Afadhali kuupunguza kidogo. Jambo lenye uzito zaidi ni kulala kifudifudi. Picha iliyopigwa na mtu aliyesimama huonyesha ndege juu ya tope. Ile iliyopigwa na aliyelala humwonyesha machoni pake, na urefu wa miguu na mdomo wake hupimika vizuri.

Vipimo hivyo si mapambo. Miongoni mwa vitwitwi wa Mida wamo wa rangi ya mchanga ambao hutofautiana kwa mambo madogo tu: mmoja ana mdomo mrefu zaidi na miguu mirefu zaidi ya mwenzake. Macho husahau, nayo picha hubaki. Umuhimu wa ushahidi wa aina hii ulidhihirika katika kisa cha sululu mwenye mdomo mwembamba, Numenius tenuirostris. Mara ya mwisho alipoonekana bila ubishi ilikuwa mwaka wa 1995 huko Merja Zerga, Morocco, na picha zilipigwa. Baada ya hapo watu walidai kumwona hapa na pale, lakini madai hayo hayakuthibitishwa. Mnamo 2025 alitangazwa rasmi kuwa ametoweka duniani.

Mlangoni mwa Mto Sabaki, kaskazini mwa Malindi, mandhari hubadilika. Maji ni mekundu kwa udongo wa bara, na ufuo ni mpana. Hapa msimu wa kusi nao una mgeni wake: Glareola ocularis, ndege mwenye mabawa membamba kama mbayuwayu, ambaye huzaliana Madagaska na kuvuka bahari kuja huku kati ya Aprili na Septemba. Hivyo basi anayedhani kwamba ndege wahamiaji hutoka kaskazini pekee amepata nusu ya habari.

Ikumbukwe kuwa picha inaweza kumdhuru anayepigwa. Calidris ferruginea, ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, hulazimika kunenepa kabla ya kurejea Siberia mnamo Aprili, na kila anaporushwa na mtu anayemkaribia hupoteza mafuta aliyoyahangaikia. Mwaka wa 2024 ndege huyu alipandishwa katika orodha ya viumbe walio hatarini, kwa vile idadi yake imepungua sana. Ndege akiinua kichwa na kuacha kula, mpiga picha amekwisha kupita kiasi. Wenye pupa hawapendi kuambiwa hivyo.

Limebaki suala la majina. Sululu ni jina la ndege wa pwani mwenye mdomo mrefu uliopinda, na pia la chombo cha kuchimbia chenye ncha iliyopinda. Picha mbili zikiwekwa pamoja, mwanafunzi wa semantiki hahitaji maelezo marefu kuhusu mfanano huo. Kitwitwi nalo ni jina linaloelekea kuiga mlio. Lakini Dromas, Glareola na Calidris wanaitwaje na wavuvi wa Mida, Lamu au Vanga? Mtafiti anayewaendea wazee na maneno matupu, akiuliza habari za ndege mweupe mwenye mdomo mnene, atajibiwa kwa kukisia. Akienda na picha kumi zilizo wazi, akazionyesha kwa watu mbalimbali katika vijiji mbalimbali, na kurekodi kila jina pamoja na mahali lilipotajwa, atarudi na data ambayo mhariri wa kamusi anaweza kuitumia. Wazee wanaoyajua majina hayo wanapungua, na vijana wengi wanaowaongoza watalii ufuoni wamejifunza majina ya vitabuni.