Maharage Yaliyokataa Kuiva

Mama mpendwa, je, umewahi kubandika maharage alfajiri, na saa saba mchana bado yanagongana sufuriani kama kokoto? Sisi akina mama wa jikoni kanisani, hapa Tarime mjini, yalitupata hayo siku ya semina, na wageni wetu wengine walikuwa wanafunzi wa Chuo cha Ualimu. Tulilaumu maharage, tukalaumu kuni, mwisho tukamlaumu binti aliyekuwa akichochea moto. Kumbe mkosaji alikuwa ndani ya ndoo. Bomba la mtaa ule hutoa maji ya kisima kirefu, nayo ni maji magumu.

Mwenzetu mmoja akatia konzi ya magadi. Muda si mrefu maharage yakaiva, watu wakala. Lakini sisi tulio wauguzi tulibaki na neno moyoni, na ndilo tunaloleta kwenu leo.

Maji magumu ni nini?

Maji ya mvua ni laini. Yanapopenya ardhini na kupita katika miamba huyeyusha madini, hasa kalsiamu na magnesiamu. Wataalamu hupima ugumu huo kwa miligramu za kalsiamu kaboneti katika lita moja: chini ya 60 ni maji laini, zaidi ya 180 ni magumu sana. Ndiyo maana msichana aliyekulia kandokando ya Ziwa Victoria, ambako maji ni laini, akija chuoni katika mji wa visima hushangaa kipande cha sabuni kinavyokwisha upesi. Sabuni hushikana na madini, ikawa utando wa kijivu badala ya povu. Nguo nyeupe hufifia, nepi hukakamaa, na ngozi ya mtoto huwasha kwa sababu ya sabuni isiyosuuzika vizuri.

Je, maji haya ni ugonjwa? Hapana. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu wa maji kwa ajili ya afya, na kalsiamu ni chakula cha mifupa. Ule ukoko mweupe ndani ya birika si uchafu. Ni madini yaliyojitenga maji yalipochemka. Tumesikia akina mama wakisema wameacha kuchemsha maji ya kunywa kwa kuuogopa. Tafadhali, usiache! Kipindupindu na homa ya matumbo vinaua, ukoko hauui. Uondoe kwa kuchemsha maji yenye ndimu au siki kidogo, kisha usuuze.

Hatari iliyojificha

Tatizo liko kwenye dawa yetu ya jikoni. Magadi ya mawe hutoka katika maziwa na ardhi ya magadi, kama Ziwa Natron, na uchunguzi uliofanywa nchini umeonyesha kwamba baadhi yake yana floraidi nyingi. Floraidi kidogo huimarisha meno. Ikizidi, huharibu meno ya mtoto yakiwa bado yanaumbwa ndani ya fizi, hadi umri wa miaka 8 hivi. Meno hutoka na madoa meupe au ya kahawia ambayo hayafutiki kwa mswaki.

Kliniki tumempokea mama aliyekuwa akimchapa mwanawe kwa uvivu wa kupiga mswaki. Mtoto alikuwa amejifunza kucheka huku amefunika mdomo kwa kiganja. Tulipouliza, makande ya nyumbani hutiwa magadi karibu kila siku. Hatukuweza kusema kwa hakika kuwa ni magadi peke yake, maana Mara ni miongoni mwa mikoa ambayo baadhi ya visima vyake vina floraidi nyingi. Lakini mtoto hakuwa na kosa, na mama alitoka akilia.

Kumbuka pia: kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji hupungua, yenyewe hubaki. Tena magadi mengi huharibu vitamini B1 iliyomo katika maharage.

Tufanye nini?

Magadi yakae kwenye beseni la kufulia, si kwenye sufuria. Katika kufua yanalainisha maji na kuokoa sabuni.

Loweka maharage na mahindi ya makande usiku kucha, mwaga maji hayo, upike kwa maji ya mvua. Nyanya na ndimu vitiwe yakishaiva, kwa maana vikitangulia huchelewesha.

Kinga maji ya mvua kutoka kwenye bati. Acha mvua ya kwanza isafishe paa, hifadhi katika chombo chenye mfuniko, na ya kunywa uchemshe.

Wenzetu wa vijijini, Tarime na Serengeti, msihukumu kisima kwa ladha, kwa kuwa floraidi haionjeki. Waombeni viongozi wa jumuiya ya watumia maji wapeleke ombi la kupimwa kwa RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanza mwaka 2019. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita.

Na mwanao akiwa na madoa menoni, mama, weka fimbo chini. Mpeleke kwa mganga wa meno, kisha urudi nyumbani ukachungulie sufuria yako.