Baridi ya Tarime: Shuka la uzito gani linafaa upepo ukivuma?

Saa 12 asubuhi mwezi wa saba, ukitoka Turwa mjini Tarime kwa bodaboda kwenda Sirari au Nyamwaga, shuka ulilojifunga linaweza kukuponza kwa namna mbili. Likiwa jepesi, upepo unalipeperusha na baridi inaingia hadi kwenye mifupa. Likiwa zito na refu kupita kiasi, ncha zake zinaning'inia karibu na tairi la nyuma.

Ndiyo maana kuchagua kwa rangi peke yake haitoshi. Angalia uzito.

Kwanza, baridi yenyewe. Tarime mjini ipo takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, wakati Ziwa Victoria kule Musoma lipo mita 1,134. Kila ukipanda mita 100, joto hushuka kwa kama nyuzi 0.6. Kwa hiyo kipupwe kikiingia, aliyezoea Musoma akifika Tarime na kikanga chake atajuta.

Upepo unazidisha. Kwa hesabu wanazotumia wataalamu wa hali ya hewa wa Kanada na Marekani, hewa ya nyuzi 10 ukiikata kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, ngozi iliyo wazi inahisi kama ni nyuzi 6. Na kilomita 40 kwa bodaboda ni mwendo wa kawaida tu.

Sasa uzito unasaidiaje? Vazi la kujifunga halina zipu wala vifungo. Kinacholifanya litulie mwilini ni uzito wake. Waskoti wanalijua hilo vizuri, maana wanaume wao huvaa kilti, ile sketi ya sufu yenye mikunjo nyuma, kwenye nchi ya upepo na mvua. Mafundi wao hutaja kitambaa kwa uzito wa yadi moja: wakia 13 ni cha kati, wakia 16 ni kizito, na hicho kizito ndicho kinachosifiwa kwa kutopeperuka. Ukikigeuza kwa vipimo vyetu, wakia 16 ni kama gramu 340 kwa mita ya mraba.

Hapa dukani hutakuta kibandiko chenye namba hiyo, lakini unaweza kuitafuta mwenyewe. Omba mizani, ndiyo, ile ile ya sukari. Shuka la mita 2 kwa mita 1.5 lina mita 3 za mraba. Likisoma gramu 900, gawa kwa 3, unapata gramu 300. Hilo ni la kutosha kwa asubuhi ya upepo. Likisoma gramu 450, yaani 150 kwa mita, ni la kuvaa mchana. Ukifika 400 kwa mita hapo umenunua blanketi. Kulala nalo ni raha, kutembea nalo ni adhabu.

Ila uzito nao unaweza kudanganya. Shuka nene lililofumwa kwa nyuzi zilizoachana linapitisha upepo kama wavu. Lielekeze kwenye mwanga: ukiona vitundu vingi, achana nalo. Au liweke mdomoni upulize, mkono ukiwa upande wa pili. Ukihisi pumzi waziwazi, na upepo utapita hivyo hivyo.

Kuna suala la uzi pia. Pamba ni laini, lakini ikinyeshewa inashika maji, inakuwa nzito na baridi. Akriliki, ambayo mashuka mengi ya Kimasai ya siku hizi yametengenezwa kwayo, hukauka haraka na haina uzito mkubwa. Tatizo lake ni moto: inashika upesi, inayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Mama anayeota moto jikoni alfajiri na mtoto mgongoni asijifunge akriliki, bora pamba nzito. Sufu inashinda zote kwa joto, hata ikiwa na unyevu, ila upatikanaji wake ni wa kubahatisha mitumbani.

Kwa abiria wa bodaboda, hasa anayekaa upande, shuka lolote likunjwe na kukaliwa, ncha zote ziwe mapajani. Lubega inayopepea mgongoni inapendeza kwenye picha, lakini ikinaswa na spoki inamvuta mtu chini kabla dereva hajajua kinachoendelea.

Na kama bajeti inaruhusu, badala ya shuka moja la gramu 340 chukua mawili ya 170. Hewa inayobaki katikati yake haitembei, na hiyo ndiyo inayotunza joto. La nje liwe lile lililofumwa kwa kubana. Halafu ikifika saa 5, jua la Tarime likianza kuchoma, unavua moja, unalikunja na kulikalia.