Maji yanapogeuka hatari angani

MAJI yakimwagika duniani hutiririka kuelekea bondeni, lakini ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga hayana bonde la kuelekea. Hujikusanya yakawa tufe linaloelea, na yakigusa kitu hukiganda na kusambaa juu yake.

Tabia hiyo nusura igharimu maisha ya mwanaanga wa Italia, Luca Parmitano, Julai 16, 2013, alipokuwa akifanya kazi nje ya kituo hicho pamoja na Mmarekani Chris Cassidy.

Muda mfupi baada ya kutoka, Parmitano alihisi maji nyuma ya kichwa. Badala ya kushuka shingoni, maji yaliendelea kutambaa hadi yakamfunika macho, masikio na pua. Hakuweza kuyafuta kwa kuwa kofia ilikuwa imefungwa. Kazi ilikatizwa baada ya saa moja na dakika 32, naye akarejea mlangoni akiona kwa shida, akiongozwa na kamba yake ya usalama. Takriban lita moja na nusu ya maji ilikuwa imevuja.

Uchunguzi wa Shirika la Anga la Marekani (NASA) ulibaini kuwa uchafu uliziba matundu ya kifaa kinachotenganisha maji na hewa ndani ya vazi, hivyo maji yakaingia katika njia ya hewa ya kupumulia. Ilielezwa pia kuwa maji yalikuwa yameonekana katika kofia hiyo wiki moja kabla, lakini yakadhaniwa yametoka katika mfuko wa maji ya kunywa.

Wengi hudhani kuwa angani hakuna nguvu ya uvutano. Ukweli ni kwamba katika kimo cha kilomita 400, kituo hicho kilipo, nguvu hiyo bado ni takriban asilimia 90 ya ile ya ardhini. Kituo na vyote vilivyomo huanguka pamoja wakati wote kikiizunguka dunia, mithili ya lifti iliyokatika kamba, ndiyo maana uzito hauhisiwi.

Uzito unapotoweka, nguvu ndogo hushika usukani. Chembe za maji huvutana zenyewe kwa zenyewe, na huvutwa pia na vitu zinavyovigusa. Ndiyo nguvu ile ile inayoyapandisha mafuta ya taa katika utambi wa kibatari.

Wataalamu wameigeuza nguvu hiyo kuwa mtumishi. Mwaka 2008, mwanaanga Don Pettit alikunja karatasi ya plastiki akatengeneza kikombe chenye pembe kali upande mmoja. Kinywaji kilipanda chenyewe katika pembe hiyo hadi mdomoni, wakati wenzake walizoea kufyonza kwa mrija kutoka katika mifuko.

Katika matangi ya mafuta, tatizo ni kwamba mafuta na gesi huelea ovyo, na injini ikivuta gesi badala ya mafuta inaweza kushindwa kufanya kazi. Baadhi ya vyombo huwasha kwanza injini ndogo ili msukumo wake uyakusanye mafuta upande wa bomba. Vingine hutumia mfuko wa mpira unaokamuliwa, au mabati membamba yanayoyaongoza mafuta kama utambi.

Hata choo hutegemea ujanja. Mkojo huvutwa kwa mkondo wa hewa, kisha huchemshwa katika pipa linalozunguka, kwa kuwa mvuke na maji haviwezi kujitenga vyenyewe. Mwaka 2023, NASA ilitangaza kuwa mitambo ya kituo hicho imefikia kiwango cha kurejesha asilimia 98 ya maji, yakiwamo ya mkojo, jasho na unyevu wa pumzi.

Baada ya tukio la Parmitano, kofia ziliwekewa pedi ya kufyonza maji nyuma ya kichwa, pamoja na mrija wa dharura unaomwezesha mwanaanga kuvuta hewa kutoka sehemu ya chini ya vazi.

Tahadhari hiyo haijalegezwa. Machi 2022, maji kidogo yalipoonekana katika kofia ya Mjerumani Matthias Maurer, NASA ilisimamisha kwa miezi kadhaa kazi za kawaida za nje kwa mavazi hayo hadi chanzo kilipochunguzwa. Angani, maji kidogo tu puani yanatosha kumzamisha mtu.