Kati ya Akina Nani?

Meli ya Titanic ilizama usiku wa kuamkia Aprili 15, 1912. Uchunguzi wa serikali ya Uingereza ulihesabu watu 2,201 waliokuwamo, na 711 kati yao waliokolewa. Abiria wa daraja la kwanza walikuwa 325, wakapona 203. Wafanyakazi wa meli, kuanzia mabaharia hadi wachochea makaa, walikuwa 885, wakapona 212.

Mtu akisema wafanyakazi ndio walionusurika kwa wingi kuliko abiria wa daraja lolote, hajasema uongo: hata daraja la tatu lilitoa 178 tu. Ila muulize, kati ya akina nani?

Chora duara mbili zinazoingiliana. Ya kwanza ina watu 325 wa daraja la kwanza, ya pili ina manusura 711. Pale zinapokutana wamo watu 203, ambao ni wa huku na huku. (Ndiyo maana huwezi kujumlisha 325 na 711 ukaridhika, wale 203 utakuwa umewahesabu mara mbili.)

Sasa nakudokeza jambo moja: mtu ninayemfikiria alikuwa wa daraja la kwanza. Dokezo hilo ndilo sharti, na kazi yake ni kufuta. Futa kila kilicho nje ya duara ya kwanza. Wamebaki 325, na waliopona kati yao ni wale 203. Gawanya 203 kwa 325, upate asilimia 62. Kabla ya dokezo ungegawanya 711 kwa 2,201, upate 32.

Vitabu huandika P(A|B): P ni uwezekano, A hapa ni kupona, B ni kuwa wa daraja la kwanza, na kile kimstari cha wima mimi hukisoma "ikiwa". Kanuni yake ni uwezekano wa yote mawili, ugawanywe kwa uwezekano wa sharti: 203/2,201 kwa 325/2,201. Zile 2,201 zinakatana, unarudi palepale.

Geuza dokezo: mtu huyu alinusurika. Je, alikuwa wa daraja la kwanza? Makutano hayajabadilika, bado ni 203, lakini sasa tunagawanya kwa 711. Jibu ni asilimia 29. Kwa wafanyakazi ni 212 kwa 711, asilimia 30. Kumbe yule msemaji wetu alikuwa hapa, ndani ya duara ya manusura, huku msikilizaji akidhani anaambiwa habari za usalama wa wafanyakazi. Usalama wao ni 212 kwa 885: asilimia 24.

Sharti linaweza kubebeshwa sharti jingine. Katika wale 325, wanawake na wasichana walikuwa 145, wakapona 141, yaani asilimia 97. Wanaume na wavulana walikuwa 180, wakapona 62. Hiyo ni asilimia 34, na tulipoanza, bila kujua lolote kuhusu mtu huyu, tulikuwa na 32.