Mkongo wa asili ni nani? Historia ya Kasongo na Kabambare inavyoitatiza sheria

Sheria ya uraia ya Zaire ya mwaka 1981 ilikuwa na tarehe moja ya kumpimia mwananchi: Agosti 1, 1885. Aliyetokana na kabila lililokuwa likiishi ndani ya mipaka ya nchi siku hiyo alikuwa Mzaire. Asiyetokana nalo alihesabiwa mgeni, hata kama yeye na baba yake walizaliwa humo.

Tarehe hiyo haikuokotwa tu. Ndiyo siku ambayo Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliziarifu rasmi serikali nyingine kwamba Dola Huru ya Kongo imezaliwa na yeye ndiye mtawala wake.

Lakini kusini mwa Maniema, Agosti 1885, dola hiyo haikuwepo. Kasongo ilikuwa chini ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, anayejulikana zaidi kama Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa kutoka Zanzibar. Kabambare, upande wa mashariki, ilikuwa kituo cha misafara kwenye njia ya kwenda Ujiji. Bendera ya Leopold ilifika Kasongo karibu miaka minane baadaye, Aprili 22, 1893, na ilifika kwa mtutu wa bunduki.

Ndiyo maana eneo hili, lililo mbali na kelele za Kinshasa, linafaa kuangaliwa kila mjadala wa "Mkongo wa asili" unapoibuka upya. Watu wake wana lugha, majina na dini vilivyoletwa na misafara. Hata hivyo, hakuna anayeweza kusema kwamba si wenyeji.

Mji wa Waungwana

Kabla ya misafara, nchi hii ilikuwa ya jamii nyingi ndogondogo: Wabangubangu na Wabuyu upande wa Kabambare, Wazula, Wamamba na Wasonge upande wa Kasongo, na Wagenya, wavuvi wa mtoni. Wafanyabiashara wa pwani walianza kuingia katika miaka ya 1860. Mmisionari na msafiri David Livingstone alipofika Kabambare mwaka 1869, aliwakuta tayari wako kazini. Alikwama hapo kwa miezi mingi kati ya 1870 na 1871 akiuguza vidonda vya miguu. Julai 1871 alishuhudia mauaji ya raia katika soko la Nyangwe, kwenye ukingo wa mto, yaliyofanywa na watu wa wafanyabiashara hao.

Tippu Tip aliifanya Kasongo kuwa makao yake miaka michache baadaye. Mji ulikua. Kulikuwa na mashamba ya mpunga na miwa, miti ya matunda na ghala za pembe. Waliotawala mitaa yake waliitwa Waungwana, neno ambalo pwani lilimaanisha watu huru na wastaarabu.

Wengi wa Waungwana wa Maniema, hata hivyo, hawakutoka pwani. Walikuwa vijana wa huko huko. Baadhi walitekwa wakiwa watoto, wengine walijiunga kwa hiari au kwa njaa. Walijifunza Kiswahili, wakavaa kanzu, wakashika bunduki na kupata jina jipya. Aliyechukuliwa mateka jana aliweza kuwa mkuu wa msafara kesho, naye akaenda kuteka wengine. Kwa hiyo, katika ukoo mmoja wa leo anaweza kupatikana babu aliyeuzwa na babu aliyeuza.

Ukoo wa kubuni

Tippu Tip mwenyewe alielewa vizuri nguvu ya nasaba katika siasa. Katika kumbukumbu za maisha yake, alizoziandika kwa Kiswahili uzeeni, anaeleza bila aibu jinsi alivyopata utawala katika nchi ya Watetela bila vita.

Alisikia kwamba dada za mtawala aitwaye Kasongo Rushie, ambaye jina lake lisichanganywe na la mji, walitekwa zamani na kupelekwa mbali. Akaenda kwa mtawala huyo na kudai kwamba mmoja wa wanawake hao ndiye bibi yake mzaa mama. Mzee aliamini, au aliona faida ya kuamini, akamkabidhi mgeni huyo nchi yake.

Kisa hicho kinaonyesha jambo ambalo wanasheria wa karne iliyofuata hawakulizingatia. Nasaba ni hoja, na hoja hutumiwa na mwenye haja nayo. Swali la "babu yako alikuwa wapi?" halikuanza na wanasiasa wa leo. Liliulizwa Maniema zaidi ya miaka 140 iliyopita, na aliyelijibu kwa uongo akapata nchi.

Wabelgiji na vibandiko

Vita vya 1892 hadi 1894, ambavyo vitabu vya kikoloni viliviita vita dhidi ya Waarabu, vilipiganwa zaidi na Waafrika wa pande zote mbili. Ngongo Lutete, aliyekuwa kiongozi wa kijeshi wa Tippu Tip, aligeuka mwaka 1892 na kuwasaidia Wabelgiji. Mwaka uliofuata Wabelgiji hao hao wakampiga risasi. Sefu, mtoto wa Tippu Tip, aliuawa vitani Oktoba 1893. Tippu Tip alikuwa amekwisha kurudi Zanzibar, ambako alifariki mwaka 1905.

Washindi walianza kupanga watu kwa makundi. Waislamu wa Kasongo na Kabambare waliandikwa kama "waliogeuzwa Waarabu", kana kwamba wamepoteza asili yao. Ndugu wa ukoo mmoja walijikuta na majina tofauti ya kabila: waliokuwa Sankuru wakawa Watetela, na waliokuwa Maniema wakawa Wakusu.

Shule ziliachiwa misheni. Mapadre wa Afrika walifungua misheni yao Kasongo mwaka 1903, na kwa miongo mingi mzazi Mwislamu alikuwa na njia mbili: kumpeleka mtoto shule ya misheni, pamoja na shinikizo la ubatizo, au kumwacha kwenye madrasa ambayo cheti chake hakikutambuliwa na ofisi yoyote. Matokeo yake ni kwamba mji uliokuwa na watu wanaosoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu kabla Wabelgiji hawajafika ulihesabiwa kuwa mji wa wasiosoma. Waislamu wa nchi walipata jumuiya moja inayotambuliwa na dola mwaka 1972.

Lugha iliyobaki

Dola lilikwenda na lugha ikabaki. Kiswahili cha Maniema, ambacho wengi hukiita Kingwana kutokana na neno lile lile la Waungwana, kilivuka mipaka ya dini. Padre alikihubiria, karani alikiandikia, na vijana wa Maniema walioajiriwa katika migodi ya Katanga walikikuta huko pia. Jeshi la kikoloni lilichagua Kilingala. Ofisi zilichagua Kifaransa. Soko na nyumba vikabaki na Kiswahili.

Majina yalifuata njia hiyo hiyo. Amisi, Shabani, Salumu na Ramazani ni majina ya koo nyingi za Maniema, za Waislamu kwa Wakristo. Mgombea wa muungano wa Rais Joseph Kabila katika uchaguzi wa Desemba 2018 alikuwa mzaliwa wa Kasongo, Emmanuel Ramazani Shadary: jina moja la Biblia na jingine la mwezi wa mfungo, kwa mtu yule yule. Maniema hilo halimshangazi mtu.

Rais Mobutu Sese Seko alipoibadilisha nchi jina kuwa Zaire mwaka 1971 na kuwataka raia waache majina ya Kikristo, hoja ilikuwa kurudi kwenye asili. Kusini mwa Maniema hoja hiyo ilikuwa na fundo lake. Shabani ni jina la kigeni, au ni jina la babu? Kwa familia ambayo imelirithi kwa vizazi vitatu au vinne, majibu yote mawili ni kweli.

Tarehe zinazohama

Sheria za nchi zimekuwa zikitafuta jibu kwa kuhamisha tarehe. Katiba ya 1964 ilitaka kabila la mtu liwe limeishi Kongo kabla ya Oktoba 18, 1908. Sheria ya 1972 iliwapa uraia watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa Kivu kabla ya 1950. Sheria ya 1981 ilirudi nyuma hadi 1885 na kuwanyang'anya maelfu kati yao haki hiyo. Sheria ya Novemba 2004 ikaja na kipimo cha uhuru: makundi ambayo watu wake na ardhi yao vilikuwa sehemu ya kile kilichokuja kuwa Kongo mwaka 1960.

Kabambare imeishi karibu na gharama ya mabadiliko hayo. Inapakana na Fizi, katika Kivu Kusini, ambako ugomvi kuhusu uraia wa Wanyamulenge umechangia vita baada ya vita tangu 1996. Maniema ilipotenganishwa na Kivu na kuwa mkoa mwaka 1988, iliachana na ramani ya Kivu. Haikuachana na ujirani wake.

Swali hilo limepanda hadi Ikulu. Katika uchaguzi wa 2006, wafuasi wa Jean-Pierre Bemba walimnadi kama Mkongo asilimia 100, ikiwa ni kijembe kwa Joseph Kabila, aliyeandamwa na madai kwamba si raia wa kweli. Mama yake, Sifa Mahanya, anatoka katika jamii ya Wabangubangu. Maniema ilimpigia Kabila kura kwa wingi mkubwa. Mwaka 2021 muswada uliotokana na wazo la mwanasiasa Noël Tshiani ulipendekeza urais uwe wa aliyezaliwa na baba na mama Wakongo tu. Ulionekana kumlenga Moïse Katumbi, ambaye baba yake alikuwa Myahudi kutoka Ugiriki, na ulizua mvutano mkali.

Wengine walipitia hapo

Kongo haiko peke yake. Umoja wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, jamhuri 15 zilijikuta na swali hilo hilo: nani ni wetu? Estonia na Latvia zilichagua tarehe. Uraia ulirudishwa kwa waliokuwa raia kabla ya uvamizi wa Wasovieti wa mwaka 1940 na vizazi vyao. Mamia ya maelfu ya watu, wengi wao wasemaji wa Kirusi, waliamka bila uraia katika miji walimozaliwa, na Latvia bado ina watu wanaobeba hati za "asiye raia". Sababu ilieleweka: mataifa hayo yalikuwa yamevamiwa na yaliogopa kumezwa. Lakini jeraha halikupona haraka.

Kazakhstan na Kyrgyzstan zilikwenda njia nyingine. Zilitoa uraia kwa waliokuwa wakiishi humo, zikainua lugha zao, na hazikukifukuza Kirusi. Kirusi kililetwa na dola kubwa, lakini kilikuwa kimekwisha kuwa lugha ya nyumbani kwa mamilioni.

Hali ya Kiswahili cha Maniema inakaribia hiyo ya pili, na labda imesonga mbele zaidi. Hakuna aliyebaki wa kukidai kama mali ya watawala wa zamani. Katiba ya 2006 inakitaja kati ya lugha nne za taifa. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, mwaka ule ule ambao Siku ya Kiswahili Duniani iliadhimishwa kwa mara ya kwanza Julai 7. Lugha ya misafara ya utumwa sasa inatajwa kama daraja la biashara. Hata hivyo, hukumu na mitihani ya taifa bado ni vya Kifaransa.

Kabila lililozaliwa safarini

Upande wa pili wa Ziwa Tanganyika liko jambo linalomaliza ubishi. Ujiji, Kigoma na hata Dar es Salaam, ambako kuna msikiti unaobeba jina lao, wapo watu waitwao Wamanyema. Ni vizazi vya watu waliovushwa ziwa kutoka Maniema, wengine kama watumwa, wengine kama wapagazi au askari wa misafara. Ndani ya Kongo hakuna kabila la jina hilo. Jina lilizaliwa safarini, na Tanzania ikawahesabu kuwa watu wake. Laiti wangepimwa kwa tarehe ya Agosti 1, 1885, wangehesabiwa kuwa wa wapi?

Mji wa kwanza wa Kasongo hauko tena. Mahali pake panaitwa Tongoni, neno la Kiswahili la mahame, na wanaakiolojia wamepachimba katika miaka ya karibuni huku wakiwahoji wazee kuhusu yale wanayoyakumbuka. Mji wa sasa uko mahali pengine. Wakazi walihama, wakachukua lugha, wakachukua majina, wakapanda mpunga. Sheria ikiwauliza walikuwa wapi mwaka 1885, jibu la wengi litakuwa kwamba walikuwa hapa hapa, wakiitwa kwa majina mengine, chini ya dola ambalo sheria hiyo hailitaji.